Saa Sita Tuwe Tumekula

Wanangu, nimechoka. Natanguliza neno hilo ili mkinisikia nikirudia jambo mara mbili msidhani ni usahaulifu wa uzee. Kila Desemba narudia. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi yakianza kuteremsha watu alfajiri, wengine Oyugis na Homa Bay, wengine Rongo, wengine hapa kwetu Awendo, na kreti za soda na mifuko ya unga wa ngano ikishushwa kutoka kwenye buti, mimi hukaa chini ya mwembe nikawahesabu walio na sukari. Mwaka huu katika boma letu peke yake tutakuwa watano. Mmoja wao ana miaka 14.

Ugonjwa huu nimeishi nao tangu mwaka 2003. Nilikuwa bado nafundisha Kiswahili. Nikaanza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo; nikawa nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi; sketi zangu zikaanza kuzunguka kiunoni. Nilipopimwa nikaambiwa ni kisukari. Nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Krismasi mbili mfululizo nilikaa kwa wakwe nikanywa soda niliyofunguliwa kwa heshima, kwa kuwa niliona kusema "siwezi" mbele ya watu waliochinja kwa ajili yangu ni sawa na kuwatemea mate. Krismasi ya pili jicho langu la kushoto likaingia ukungu. Ukungu ule haujaondoka wote mpaka leo.

Sitawaambia msile. Wapo wanaodhani mwenye sukari akifika sherehe kazi yake ni kukaa pembeni na kikombe cha chai isiyo na sukari, akitazama wenzake. Mtu wa namna hiyo huvumilia mpaka saa kumi jioni, kisha hujificha jikoni akala chapati nne amesimama. Nimemwona huyo. Nimekuwa huyo.

Wala siwezi kuitukana sukari yenyewe. Nilizaliwa Kendu Bay, kwenye upepo wa ziwa, nikaolewa huku kwenye miwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha Sony kimekuwa kikisaga miwa hapa Awendo, na upepo ukigeuka harufu ya molasi huingia mpaka chumbani. Karo ya watoto wangu ilitoka kwenye miwa. Majirani wamejenga nyumba kwa miwa, na wengine huchemsha sukari nguru mpaka leo. Hata hivyo nguru ni sukari, asali ni sukari, na muwa unaotafunwa barabarani ni sukari. Msije mkadanganywa kwamba ya kienyeji haina neno. Damu haiulizi sukari imetoka kiwandani au mzingani.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Ugali, chapati, wali, viazi, ndizi, vyote vikifika tumboni huvunjwa vikawa sukari, na sukari hiyo huingia kwenye damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayoifungulia mlango iingie misulini ikawe nguvu. Insulini ikipungua, au mlango ukiwa mgumu kufunguka, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu na kula mishipa midogo: ya macho, ya figo, ya nyayo. Haiumi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Wizara ya Afya ilipofanya utafiti wake wa mwaka 2015 nchini, ilionekana kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walioulizwa hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Basi mtu huishi na moto ndani ya paa akidhani ni joto la mchana.

Sasa tuje kwenye sahani.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na nitawaambia kama mwalimu wa lugha: neno linalotuumiza Desemba ni kiunganishi "na". Pilau na chapati na viazi na ugali, kisha soda juu yake. Siku za kawaida mtu hula ugali peke yake na mboga, akashiba, akaenda shambani. Sikukuu ikifika anawekewa wanga wa aina nne kwenye sahani moja, kila mmoja umepikwa na shangazi tofauti, na kila shangazi anatazama kama chake kimeguswa. Wekeni "au" mahali pa "na". Pilau au chapati au ugali. Ukitaka chapati, iwe ndiyo ugali wako wa siku hiyo. Sahani uigawe kwa macho: nusu nzima iwe mboga, robo iwe samaki au kuku au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya hicho kimoja ulichokichagua. Anza na mboga na samaki, wanga uje mwisho. Ukila kwa mpango huo sukari haipandi kwa kasi ileile, hata kama chakula ni kilekile. Ukimaliza usilale kwenye mkeka. Inuka utembee mpaka kwa jirani ukawasalimu, hata robo saa tu. Misuli inayotembea huichukua sukari kutoka kwenye damu.

Na hiyo nusu ya mboga msiione kama adhabu. Sisi watu wa ziwa tumejaliwa kwenye mboga kuliko wengi. Osuga, yaani mnavu, ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ilianza kupikwa tarehe 23. Aliichambua jani kwa jani, akaichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaitia kwenye chungu na maziwa. Kesho yake akaongeza maziwa, akaipasha tena juu ya moto mdogo. Siku ya Krismasi ilikuwa laini, nyeusi, uchungu wake umebaki kwa mbali tu kama kumbukumbu. Watu waliacha nyama wakaifuata. Leo nikifika kwenye sherehe naona sukuma wiki kidogo imewekwa kwenye bakuli pembeni, kama pambo. Mnaopika, nawasihi: rudisheni chungu cha osuga. Rudisheni apoth, rudisheni akeyo na boo, mboga zetu za asili. Samaki wetu ngege mchemsheni na nyanya na vitunguu, kama wanavyofanya wavuvi wa Mbita, kabla ya kufikiria kumzamisha kwenye mafuta. Omena, dagaa wetu, msiwaone ni chakula cha shida. Mkitumia mtama au wimbi ni vizuri, ila ugali wa wimbi ukijaa sahani bado ni sahani ya wanga. Rangi ya udongo haiufanyi kuwa dawa. Na viazi vitamu vya Kabondo, ambavyo najua wanaopita Oyugis watavinunua kwa ndoo, vichemsheni. Vya kuchemsha hupandisha sukari taratibu kuliko vya kuchoma, na viwili vinatosha.

Soda nitaisema mara moja tu. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina karibu gramu 50 za sukari, ambazo ni zaidi ya vijiko kumi vya chai. Hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kutia vijiko kumi kwenye kikombe cha chai mbele yangu. Wekeni maji mezani, yaliyotiwa ndimu, kwenye jagi safi la kioo ambalo mgeni ataona kwamba mmelijali.

Lakini sikuwaita ili niongee habari za soda. Neno lililonikalisha hapa ni saa.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akidunga insulini asubuhi na jioni. Mtu mpole, fundi wa baiskeli, mwenye mpangilio kuliko sisi sote. Krismasi moja, miaka kadhaa iliyopita, alijidunga saa moja asubuhi kama kawaida, akanywa chai na kipande cha mkate, akaenda kanisani akijua mchana kuna chakula. Tulipotoka kanisani ng'ombe alikuwa bado hajamalizwa kuchunwa. Halafu habari ikaja kwamba gari la watoto wa Nairobi limeharibika karibu na Kisii. Wazee wakasema hatuwezi kula bila wao. Ikawa saa nane. Ikawa saa tisa. Yeye alikuwa amekaa hapahapa chini ya mwembe, na hakusema kitu, maana mtu mzima hawezi kuomba chakula mbele ya wageni.

Mimi nilikuwa jikoni nikigeuza chapati. Waliokuwa karibu naye walinieleza baadaye. Alianza kutoka jasho mpaka shati likashika mgongo, na jua lilikuwa limeshapungua. Mikono ikatetemeka. Akamgombeza mtoto bila sababu, yeye ambaye hajawahi kuinua sauti. Kisha maneno yakaanza kumponyoka, na kijana mmoja akacheka akasema mzee ameanza kunywa mapema. Hakuwa ameonja pombe tangu ujana wake. Binti mmoja, Mungu ambariki, akamletea soda. Mtu akamnyang'anya chupa mkononi: "Mnataka kumuua? Si mnajua ana sukari?"

Nilipotoka nje alikuwa chini, meno yameumana. Tukampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Zahanati ya kwanza tuliyofika ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Tulipofika hospitali alikuwa bado anapumua. Hakuamka. Siku ya tatu akatuacha, na masufuria yaliyopika pilau ya Krismasi ndiyo yaliyowapikia watu wa matanga, bado yana masizi yaleyale.

Mgonjwa wa sukari alikufa kwa kukosa sukari, na chupa ya soda ilikuwa imemfikia mkononi. Nimeishi na jambo hili miaka yote hii, na ndilo linalonifanya nirudie mpaka nawachosha. Watu wote wanajua kwamba sukari hupanda. Wachache wanajua kwamba hushuka, na ikishuka huua kwa saa chache, ilhali ikipanda, kwa wengi wetu huchukua miaka. Insulini ikishaingia mwilini haijui kwamba gari limeharibika Kisii. Inafanya kazi yake. Vipo pia vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, na hivyo navyo havingoji wageni. Muulizeni daktari kama vyenu ni vya namna hiyo.

Basi sikilizeni, hata ninyi wazima, maana anayeshukiwa na sukari mara nyingi hawezi kujisaidia. Ukimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, amekuwa mkali au amezubaa, anaongea kama mlevi, mpime kama mashine iko karibu. Ikisoma chini ya 4, hiyo ni hatari. Kama mashine haipo, usingoje mashine. Mpe vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda, ile ya kawaida yenye sukari. Saa hiyo soda ni dawa. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akizinduka mpe chakula cha kweli, ugali au mkate, kwa sababu ile sukari ya kwanza haikai. Na kama hawezi kumeza, au amezimia, msimmiminie kitu kinywani. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Mfundisheni hata mtoto wa darasa la nne. Yule binti aliyeleta soda alikuwa na akili kuliko sisi watu wazima wote.

Na kwa sababu hiyo, katika boma hili saa sita mchana watu wenye sukari wanakula. Hatungoji gari, hatungoji mchungaji, hatungoji ng'ombe. Mama mwenye nyumba hupika chungu kidogo mapema, cha ugali na samaki au kuku, na kila anayedunga sindano huitwa kwa jina mbele ya watu akapewa sahani yake. Mwanzoni wazee walinung'unika. Sasa wao ndio wanaouliza, "Saa sita imefika?" Pombe nayo nitaitaja papa hapa, kwa kuwa ni ndugu wa jambo hilohilo: ini lenye kazi ya kuondoa pombe husahau kazi yake ya kutoa akiba ya sukari. Aliyekunywa bila kula anaweza kushukiwa usiku wa manane, au asubuhi yake, wakati kila mtu anadhani analala usingizi wa sherehe.

Nasema "mbele ya watu" kwa makusudi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na hapa kwetu hatuna haja ya kufundishwa maana yake. Nani kati ya wazee wa Homa Bay na Migori amesahau miaka ile ya Ukimwi? Tulizika kwa kunong'ona. Tulisema ni chira, laana ya mwiko, tulisema ni kurogwa, tulisema ni malaria iliyozidi. Kisha mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka wakaanza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay, na polepole watu wakaanza kusimama na kusema, mimi ninayo, na ninameza dawa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 5 katika kaunti ya Homa Bay alikuwa akiishi na virusi, na bado wanalea watoto, wanavua, wanalima. Watu hawa ndio waliotufundisha kutega saa ya simu na kumeza kidonge mbele ya wageni bila haya. Kama tuliweza kuitoa aibu kwenye jambo lile, lililokuwa na kitanda ndani yake, kwa nini tushindwe kuitoa kwenye sahani ya ugali?

Kwa hiyo kabla hujafika, mwanangu, piga simu. Mwambie mama au shangazi: nina sukari, nakula saa sita, soda siku hizi siinywi. Mwambie wiki mbili kabla, wakati chungu kiko kabatini, usimwambie sahani ikiwa mkononi mwake. Ukimwambia mezani unamkatalia chakula. Ukimwambia mapema unampa kazi ya kukupenda kwa njia nyingine.

Nanyi mnaopakua, nawaomba kwa magoti yangu haya mabovu. Najua tunavyopima mapenzi. Mgeni akiacha chakula tunaona ametudharau. Tunamwambia, "Ongeza, mbona umekula kama ndege, leo ni sikukuu." Neno hilo la "leo ni sikukuu" nimelisikia kuanzia tarehe 20 Desemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari: Krismasi, arusi, kumbukumbu ya marehemu, mahafali, Mwaka Mpya. Mwili unaopewa ruhusa ya siku moja mara kumi na tano hufika Januari ukiwa hoi. Mwenye sukari akisema ameshiba, chukueni sahani mseme asante.

Kendu Bay nilikokulia kulikuwa na majirani Waislamu tangu zamani, msikiti wao na kanisa letu vikisikilizana. Sikukuu ya Idi sahani ya pilau ilivuka ua kuja kwetu, na Krismasi ya kwetu ikavuka kwenda kwao. Mzee mmoja wa kwao alikuwa na sukari, na kila Ramadhani alikula mchana kwa utulivu, kwa kuwa Kurani yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge. Nalisema hili kwa Wakristo wenzangu wanaofunga kwa maombi ya mwisho wa mwaka, wanakesha, na kuacha dawa ili imani ionekane. Waadventista wenzangu, mizizi yetu hapa ni misheni ya Gendia, tangu 1906, na tumefundishwa kuutunza mwili tangu tukiwa watoto wa Sabato. Mwombeeni mgonjwa, na mumpe dawa yake kwa saa yake. Na wale wauzaji wa chupa za mitishamba sokoni Migori wanaoahidi kuponya sukari kwa siku 21, wapiteni tu. Mpwa wangu aliacha insulini kwa ajili ya chupa kama hiyo na akaamkia chumba cha mahututi, anahema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda yaliyooza.

Mume wangu naye alikuwa na sukari, ila kwake mkasa ulianzia miguuni. Viatu ndivyo vilivyomwanzia. Mwanawe wa kwanza alimletea viatu vipya vya Krismasi, vyeusi, vya ngozi, vizuri sana, vya kubana kidogo. Alivivaa siku nzima ili mwana afurahi. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi kwa sababu ya sukari, hakusikia kitu. Jioni nilipomvua soksi nikaona lengelenge kwenye kisigino, kubwa kama shilingi. Alisema ni kidogo. Februari walimkata vidole viwili, Aprili wakamkata mguu chini ya goti. Mnaoleta zawadi za viatu, leteni vya upana, na mwambieni mzee avivae saa moja tu siku ya kwanza. Na kila jioni ya sikukuu, baada ya kanisa na vumbi na ngoma, mtu amshike mama au baba yake miguu, aioshe kwa maji ya uvuguvugu, aikaushe katikati ya vidole, atazame nyayo kwa tochi ya simu. Kama ni mjukuu anayefanya, nitafurahi zaidi.

Huyo wa miaka 14 niliyemtaja ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Sukari yake si kama yangu. Kongosho yake imeacha kutengeneza insulini, na bila sindano hana wiki. Baadhi ya wajomba walisema mtoto hawezi kuwa na ugonjwa wa wazee, ni mkono wa mtu. Nikawaeleza kwamba mtu wa kwanza duniani kudungwa insulini kama dawa alikuwa Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922, naye alikuwa na miaka 14 vilevile. Alikuwa amebaki mifupa akingoja kufa. Akaishi miaka mingine 13. Leo mwenye sindano na chakula na anayejali anaishi mpaka kuona wajukuu.

Mama yake anahangaika kuhusu safari na joto, maana huku kijijini hatuna friji. Nimemwambia hivi: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji ya kituo cha afya, aliyoifungua inakaa wiki nne mahali pa baridi pasipo jua. Kwangu hukaa ndani ya kikopo kilichozibwa, kwenye dapi, chungu cha maji cha zamani cha bibi yangu, kilichowekwa juu ya mchanga wenye maji. Mwaka 2021 watafiti walichapisha majibu ya uchunguzi uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, ambako jua si la mchezo: insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo asiogope kupita kiasi. Asiiweke tu kwenye dashibodi ya matatu, wala kwenye begi linalofungiwa kwenye buti mchana kutwa, wala kwenye friza, maana iliyoganda imekufa. Na mtoto asipopata hamu ya kula au akitapika, asiache sindano kabisa. Apimwe, na ikisoma zaidi ya 15 huku anatapika, ni hospitali bila kungoja kuche.

Mimi mwenyewe hupima asubuhi kabla ya kula, nataka iwe kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya chakula kikubwa nataka isizidi 10. Siku ya Krismasi mwaka jana ilisoma 12. Sikulia. Nilikuwa nimekula chapati mbili badala ya moja, zilikuwa za mjukuu aliyepika kwa mara ya kwanza. Nilitembea mpaka kisimani na kurudi, na usiku nikala mboga tu. Kesho yake ikasoma 6. Namna hii ndiyo tunayoishi nayo; hatuishi kwa kujichapa. Wahudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu, wale waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023, wana mashine ya kupimia ndani ya mkoba. Usione haya kumwita mmoja wao aje boma lote lipimwe siku moja kabla ya sherehe. Dawa za mwezi mzima zichukueni mapema, maana mkingoja tarehe 24 mtakuta kufuli.

Mmeniuliza kwenye simu niletewe nini mwaka huu. Kitenge ninacho. Sukari ya gunia ninyi wenyewe mnajua jibu. Nileteeni vipande vya kupimia vya mashine yangu, kopo moja la vipande 50, na mwangalie tarehe kabla hamjalipa. Mleteeni mjukuu wangu soksi za pamba zisizobana. Na anayekuja na gari aondoke Nairobi usiku, apite Narok kukiwa bado na giza, ili saa sita awe amefika. Asipofika, chakula chake tutakifunika. Cha huyu mtoto kitakuwa kimeshaliwa.